Mama ana anyurizimu karibu na mshipa wa jicho: afunguliwe fuvu au awekewe stenti?

Swali lililonifikia ni hili, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 56, jicho la kushoto lilianza kuona ukungu kama miezi minne iliyopita, akabadilishiwa miwani mara mbili haikusaidia, mwishowe akapigwa MRI wakakuta anyurizimu ya milimita 11 kwenye mshipa mkubwa, pale mshipa wa jicho unapotokea. Daktari mmoja anasema afunguliwe fuvu ibanwe klipu, mwingine anasema hapana, apitishiwe waya kutoka kwenye kinena awekewe stenti. Tumechanganyikiwa. Ipi salama? Jicho litarudi? Na sisi watoto tupimwe?"

Marahaba dada, na mpe mama pole. Nianze na hilo la madaktari wawili maana naona ndo linawanyima usingizi. Hawapingani kama mnavyodhani, kila mmoja kasema njia ambayo mkono wake umeizoea na zote mbili ni tiba ya kweli ya ugonjwa huu. Shida ni kwamba mmeanza na swali la mwisho. Kabla ya kuuliza fuvu au waya lazima ijulikane hiyo anyurizimu, yaani ukuta wa mshipa wa damu uliotutumka kama puto, imekaa wapi hasa, tena kwa milimita, na jicho limebakiwa na nini. Hayo yakijulikana uamuzi unakuja wenyewe, yasipojulikana hata bingwa anabahatisha.

Weka vidole shingoni chini ya taya pale panapodunda, hiyo ndo karotidi, mshipa mkubwa unaopeleka damu kichwani. Tawi lake la ndani linapanda, linaingia kwenye fuvu kwa tundu lake, linapita ndani ya mfupa, alafu linaingia kwenye kichumba kilichojaa damu ya vena pembeni ya tezi ya pituitari (tezi ndogo iliyo chini ya ubongo), humo linajikunja kama mpira wa maji, kisha linatoboa ule utando mgumu unaofunika ubongo. Pale linapotoboa, utando umelikaba pande zote, sisi tunapaita pete. Na kwa watu wengi tawi la kwanza kutoka baada tu ya pete ndo ateri ya jicho, inaongozana na neva ya macho kuingia kwenye kitundu cha mfupa kwenda mbele. Kwahiyo kwenye eneo dogo kuliko ukucha wa kidole gumba una mshipa mkubwa wa damu, neva ya kuonea, tezi ya pituitari, na juu yao kumelala kijipembe cha mfupa kinachoficha kila kitu. Kwenye ripoti ya mama mnaweza kukuta wameandika C6 au paraklinoidi, msishtuke, C6 ni kipande cha sita cha karotidi kwa mgawanyo wa vipande 7 uliotolewa na Bouthillier na wenzake mwaka 1996, na paraklinoidi maana yake karibu na hicho kijipembe.

Sasa kwanini pete ni muhimu hivyo. Anyurizimu iliyo chini ya pete ikipasuka damu haimwagiki kuzunguka ubongo, inamwagikia kwenye kile kichumba cha vena, jicho linakuwa jekundu na linatokeza nje, ni tatizo ndio lakini sio lile linaloua ghafla. Iliyo juu ya pete ikipasuka damu inazunguka ubongo wote, mtu anapata kichwa kikali kuliko chochote alichowahi kukisikia, na wapo wengi ambao hata hospitali hawafiki. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2003, unaitwa ISUIA, uliwafuatilia watu wenye anyurizimu ambazo hazijapasuka, na kwa zile za milimita 7 mpaka 12 za mbele ya ubongo, kundi ambalo la mama lingeingia, zilizopasuka ndani ya miaka 5 zilikuwa asilimia 2.6. Za ukubwa huohuo ndani ya kichumba cha vena: sifuri. Ukubwa mmoja, mtu yuleyule, tofauti ni upande wa pete tu. Na MRI ya kawaida huwa haionyeshi pete vizuri, ndo maana nitakwambia hapo chini mdai picha gani.

Ila hiyo asilimia 2.6 usiikumbatie sana. Ya mama imeshaanza kusumbua jicho. Anyurizimu inayoleta dalili ina maana imekua au inakua, kwahiyo "tusubiri tuone" ambayo ningewashauri kama ingekuwa ya milimita 3 iliyoonekana kwa bahati tu, kwa mama siishauri. Hapo naona madaktari wote wawili wako sawa, kwamba itibiwe.

Tuje kwenye jicho. Anyurizimu ya ateri ya jicho mara nyingi inakua kwenda juu, inaisukuma neva ya macho, na neva haina pa kukimbilia kwa sababu juu yake kuna ukingo mkali wa utando umetanda kama kamba ya kuanikia nguo. Yaani inasukumwa kutoka chini huku inakatwa kutoka juu. Ndo maana mgonjwa haoni giza ghafla, anaanza kupoteza kipande, mara nyingi upande wa puani, alafu rangi zinafifia, nyekundu inakuwa kama imeoshwa mara nyingi, na kwa kuwa jicho la pili linaziba pengo mtu anakaa miezi hajui. Wengi wanaishia kubadilishiwa miwani kama mama, au wanaambiwa mtoto wa jicho. Mjaribishe leo: afunike jicho la kulia, aangalie kitu chekundu kwa la kushoto, alafu abadilishe. Sio kipimo cha hospitali, ila mtaelewa ninachosema.

Kuna nyingine zinazotoka pembeni kidogo, kwenye vimishipa vinavyolisha pituitari, hizo zinaangalia ndani kuelekea kwenye tezi na kwenye picha zinaweza kufanana na uvimbe wa pituitari. Hili nalisema kwa sababu kumchoma au kumpasua mtu kupitia puani ukidhani ni uvimbe wa tezi kumbe ni anyurizimu, ni balaa ambalo hakuna daktari anataka kuliona mara mbili. Kila uvimbe wa eneo hilo unaopakana na karotidi uangaliwe mishipa kwanza.

Haya, kufungua fuvu. Watu wakisikia wanawaza panga, sio hivyo, lengo ni kubana shingo ya anyurizimu, yaani pale inapoota kutoka kwenye mshipa, kwa kibanio kidogo cha chuma, ndo hiyo klipu. Mgonjwa anapigwa nusu kaputi, anachanwa nyuma ya mstari wa nywele, kinatolewa kidirisha cha mfupa pembeni ya paji la uso, alafu kazi yote inaendelea chini ya darubini. Ubongo haukatwi, tunafuata mpasuko wa asili uliopo kati ya sehemu zake na kuufungua taratibu. Lakini kabla ya yote hayo, na hapa ndo ninapomjua daktari aliyezoea eneo hili, anaandaa shingo ya mgonjwa. Anafungua kidogo shingoni aione karotidi, au anaweka puto ndani yake, ili ikipasuka kule juu aweze kuzima maji kwenye mita. Kwenye anyurizimu nyingine unaweza kubana mshipa pale karibu kabla haujafika kwenye uvimbe, hapa huwezi, kabla ya uvimbe kuna mfupa na kile kichumba cha vena. Mwulize huyo wa klipu swali moja tu, "shingoni mtajiandaaje?", akijibu bila kusita huyo anajua anakokwenda.

Baada ya hapo ni kile kijipembe cha mfupa. Lazima kisagwe na kitolewe la sivyo huioni shingo ya anyurizimu. Kinasagwa kwa drili yenye kichwa cha almasi, polepole, huku msaidizi anamwagia maji muda wote kwa sababu joto la drili peke yake linatosha kuiunguza neva ya macho iliyo milimita chache pembeni. Mpasuaji Vinko Dolenc wa Ljubljana, Slovenia, ndo aliyeonyesha miaka ya 80 njia ya kukitoa kikiwa bado kimefunikwa na utando, wengine wanafungua utando kwanza wakitoe huku wanaona anyurizimu kwa macho, nami kwa zinazoelekea juu napenda hii ya pili, sitaki kusaga mfupa juu ya kitu nisichokiona. Kwa baadhi ya watu kijipembe hicho kina hewa ndani kinaunganika na matundu ya pua, usipokiziba vizuri mgonjwa anaanza kutokwa na maji ya ubongo puani, na hiyo ni njia ya mkato ya kupata homa ya uti wa mgongo. Alafu unakata ule ukingo wa utando uliokuwa unaikata neva, na hapo, hata kabla klipu haijawekwa, neva imeshapata nafasi. Mimi huwa naukata mapema sana, kabla sijaigusa neva kwa namna yoyote.

Ikiwa anyurizimu ni kubwa na imejaa, kuna ujanja ambao wapasuaji Batjer na Samson waliuandika mwaka 1990: unabana mshipa shingoni, unabana na kule mbele ya anyurizimu, alafu unanyonya damu iliyobaki kati kwa kateta (mrija mwembamba) iliyo shingoni. Anyurizimu inanywea kama puto lililotolewa upepo, unaona shingo yake, unaweka klipu, mara nyingi zile zenye tundu katikati ambazo zinaukumbatia mshipa wenyewe. Alafu unahakikisha damu inapita kwenye karotidi na kwenye ateri ya jicho, kwa kudunga rangi inayong'aa chini ya darubini au kwa angiogramu (picha ya mishipa ya damu) palepale mezani. Klipu za siku hizi zinazotumika zaidi ni za titani, MRI anapigwa baadaye bila shida, ila kadi ya aina ya klipu aliyowekewa itunzeni kama cheti cha kuzaliwa.

Njia hii ina historia ndefu. Mpasuaji Walter Dandy alibana klipu kwenye shingo ya anyurizimu ya karotidi mwaka 1937, kabla yake tiba iliyokuwepo ilikuwa kuifunga karotidi shingoni na kuomba Mungu upande wa pili utoshe kulisha ubongo. Za eneo la ateri ya jicho zilichelewa sana hata baada ya hapo, Charles Drake na wenzake walipoandika kuzihusu mwaka 1968 bado zilikuwa zinaogopwa, na sababu ni hicho kijipembe tu. Uzuri wake ni kwamba ikibanwa vizuri imeisha siku hiyohiyo, na unaweza kuitoboa baada ya kubana ikanywea, mzigo ukatoka kwenye neva papo hapo. Ubaya wake ni kwamba neva iliyokwisha choka inaguswa, na neva ya namna hiyo haipendi kuguswa. Wapo wanaoamka wanaona vizuri zaidi, wapo wanaoamka jicho limeshuka kuliko lilivyoingia. Hili daktari asiwafiche.

Njia ya waya. Wanaingia kwenye ateri ya kinena au ya kifundo cha mkono, wanapanda mpaka kichwani wakiangalia kwenye skrini. Ndani yake kuna vitu viwili tofauti ambavyo watu wanavichanganya. Koili ni nyuzi laini za platinamu zinazojazwa ndani ya anyurizimu mpaka damu igande humo, zilianza kutumika kwa binadamu mwaka 1990 kwa kazi ya daktari Guglielmi. Kwa iliyopasuka ni silaha nzuri, utafiti wa ISAT wa mwaka 2002 wenye wagonjwa 2143 ulikuta baada ya mwaka mmoja waliokufa au kubaki tegemezi ni asilimia 23.7 kwa koili na 30.6 kwa klipu, japo wengi wao anyurizimu zao hazikuwa eneo hili kwahiyo msinukuu namba hizo kwa ajili ya mama, ambaye pia haijapasuka. Na kwa jicho koili ina kasoro yake, unaijaza anyurizimu badala ya kuipunguza, mzigo unabaki palepale juu ya neva, na za shingo pana zina tabia ya kujifungua tena.

Kingine ndo hicho alichomaanisha daktari wa pili, na sio stenti ya kawaida kama ya moyo. Ni bomba la wavu uliosukwa kwa kubana sana, linalala ndani ya karotidi likipita mbele ya mlango wa anyurizimu bila kuingia ndani. Damu inateleza kwenye wavu inaendelea na safari yake, ile iliyoko kwenye anyurizimu inazubaa, inaganda, na kwa miezi ukuta mpya unaota juu ya wavu huku uvimbe unasinyaa wenyewe. Marekani waliruhusu wa kwanza, Pipeline, mwaka 2011, na karotidi ya eneo hili ilikuwa sehemu ya ruhusa yenyewe. Utafiti wake wa PUFS, wagonjwa 108 wenye anyurizimu za kuanzia milimita 10 zenye shingo pana, ulikuta kati ya waliorudi kupigwa picha zilizoziba kabisa ni asilimia 86.8 baada ya mwaka na 95.2 baada ya miaka 5. Upande wa pili wa shilingi, asilimia 5.6 walipata kiharusi kikubwa au kufa kwa tatizo la ubongo ndani ya siku 180. Enzi zile ujuzi ulikuwa bado mchanga na zile anyurizimu zilikuwa kubwa, lakini hiyo namba ipo na muijue.

Mnajiuliza wavu ukipita mbele ya mlango wa ateri ya jicho, jicho halitakosa damu? Mara nyingi halikosi, matundu ya wavu yanapitisha na jicho linavuta damu yake. Na kwa wale ambao ateri inaziba polepole, jicho linapata damu kutoka kwenye matawi ya uso kwa njia ya nyuma, mgonjwa hata hajui. Mara nyingi, sijasema mara zote. Kipimo kizuri ni wakati wa angiogramu, wanapuliza puto kwenye karotidi kwa dakika chache waone kama jicho linang'aa kwa damu ya upande mwingine.

Gharama ya njia hii ni dawa. Aspirini na klopidogreli kwa pamoja, zinaanza kabla ya kuweka, zinaendelea kwa miezi mitatu mpaka sita au zaidi, alafu aspirini peke yake kwa muda mrefu. Akiziacha ghafla kwa sababu zimeisha, au kwa sababu mganga wa meno kasema aziache kabla ya kung'oa jino, wavu unaweza kuziba na hiyo ni kiharusi. Kama mama ana vidonda vya tumbo vinavyovuja damu, au ni mtu wa kukatisha dozi (mnamjua nyie), semeni kabla sio baada. Pia baadhi wanapata jicho kufifia zaidi wiki za mwanzo kwa sababu anyurizimu inayoganda inavimba kidogo, kwa hilo kuna dawa za steroidi, ila jicho likishuka ni kurudi hospitali siku hiyohiyo.

Basi ungeniuliza mimi. Mimi ni mtu wa kisu, kwahiyo ninachosema sasa hivi jua sijipigii debe. Miaka 56, haijapasuka, milimita 11, jicho linafifia polepole kwa miezi minne: kama iko juu ya pete na anaweza kunywa dawa mbili bila kukosa, ningempeleka kwa mtu wa wavu kwanza. Tafiti zilizokusanya wagonjwa wa eneo hili pamoja zinaonyesha macho yanapona vizuri kwa wavu, na yanayoharibika zaidi ni machache kuliko kwa klipu. Ningegeuza kauli na kushika kisu kama jicho linaporomoka kwa siku badala ya miezi, kama dawa hawezi, kama imepasuka maana kumpa dawa hizo mtu anayevuja damu kichwani ni hatari, au kama hospitali yenu ina mpasuaji aliyefanya nyingi za hapa na mtu wa waya ndo anajifunza. Hilo la mwisho lina uzito kuliko mnavyodhani. Muulizeni kila mmoja amefanya ngapi za eneo hili, sio za ubongo kwa jumla, na wangapi jicho lilishuka. Daktari akikasirika kwa swali hilo, shukuruni na mwende kwa mwingine.

Kuhusu jicho kurudi, siwezi kukuahidi, ila miezi minne sio mingi sana. Apelekwe kwa daktari wa macho apimwe uwanja wa kuona, rangi, na unene wa tabaka la neva kwa mashine ya OCT. Kama kichwa cha neva bado kina rangi yake na tabaka halijakonda, kuna kitu cha kuokoa na muda una maana, tuongelee wiki sio mwaka. Kama neva imeshapauka, anatibiwa ili asipasukiwe na jicho tunalishukuru kwa lilichobaki nacho. Vipimo hivyo vifanyike kabla ya tiba yoyote, bila hivyo baadaye hamtajua kama jicho limepona au limeharibika, mtabishana tu.

Picha za kudai ni CT angiogramu yenye vipande vyembamba inayoonyesha na mifupa, na angiogramu ya kateta yenye picha za kuzungusha, tena pande zote mbili. Pande zote mbili kwa sababu za eneo hili zinapenda wanawake na zinapenda kuja mbili, kushoto na kulia kama pacha. Hapo katikati presha idhibitiwe, sigara iachwe kama anavuta, na kikija kichwa cha ghafla cha ajabu kikiambatana na kutapika au shingo kukakamaa, asilale kusubiri asubuhi.

Nyie watoto, kwa kawaida tunapima ndugu wakiwa wawili au zaidi wa damu ya karibu wana anyurizimu au walivuja damu kichwani kwa sababu hiyo. Kwa mama peke yake hamhitaji kukimbilia MRI. Ila ulizeni ukoo vizuri, hasa upande wake, kama kuna mjomba au mama mdogo "aliyedondoka ghafla" akiwa hana umri mkubwa na watu wakasema ni presha. Mkimkuta wa namna hiyo, nyote mliozaliwa na mama mkapigwe picha ya mishipa, na wanaovuta sigara wawe wa kwanza kwenye foleni.